Risala ya Wananchi wa Kinyangiri Kuhusu Jina la Njia Panda Yetu



Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taarifa ya maendeleo ya kata utasomewa na watendaji. Humo mna maji, madarasa, dawa na pembejeo, na kila kilichoandikwa humo kinatugusa. Risala hii ina jambo moja. Tunataka njia panda yetu, hapo ulipokata kona kuja uwanjani, ipewe jina la mwalimu wa kisomo aliyefundisha kando yake, na jina hilo litambuliwe na serikali kama yanavyotambuliwa majina ya njia panda nyingine za nchi hii. Tumeliomba kwa mdomo, tukaliomba kwa barua, na hatujapata jibu la maandishi hata mara moja. Leo tunalidai.

Jina lenyewe hatutalisoma kwenye kipaza sauti. Familia yake imetusihi lisitangazwe kabla mkutano mkuu wa kijiji haujalipitisha, ili lisigeuzwe kuwa ubishi wa ukoo huu na ukoo ule. Tumewaheshimu. Limo katika muhtasari tutakaokukabidhi, pamoja na sahihi zetu. Hapa tutamwita Mama Mwalimu, kama tulivyomwita siku zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo njia panda ndipo maisha ya Kinyangiri yanapopitia. Anayetoka hapa kwenda Iguguno kuikamata barabara kuu ya Singida na Nzega husimama hapo. Anayekwenda Nduguti, yaliko makao makuu ya wilaya yetu ya Mkalama, husimama hapo. Magunia ya alizeti na ya vitunguu husubiri lori hapo, mengine hulala hapo hapo, na mwenye mali hulala juu yake. Mgonjwa anayepelekwa Singida mjini hulazwa hapo juu ya mkeka mpaka gari lipatikane. Tangu Daraja la Sibiti lituunganishe na Meatu na mkoa mzima wa Simiyu, magari ya mbali yameongezeka, na madereva wageni huuliza hapa panaitwaje. Huambiwa "njia panda". Sehemu nyingi za nchi hii ziliachwa hivyo hivyo mpaka zikazoeleka. Ile ya karibu na Himo, mkoani Kilimanjaro, imekuwa mji wenye watu maelfu na bado inaitwa Njiapanda. Hatuwasemi wenzetu wa huko. Ila sisi tunaye mtu wa kukumbuka, na tunajua alisimama wapi.

Habari za Mama Mwalimu zinaanzia kwenye kampeni ya kisomo, yaani ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Tanzania Bara, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1971 zilitangulizwa wilaya chache, zikiwemo Ukerewe, Mafia, Masasi na Pare, zifute hali hiyo mapema zionyeshe njia. Iramba haikuwamo, na sisi tulikuwa sehemu ya Iramba hadi Mkalama ilipokuwa wilaya mwaka 2012. Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua kazi hiyo ikamilike nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Miaka minne, kwa nchi ambayo walimu wenye vyeti hawakutosha hata kwa watoto.

Ndipo walipoitwa watu kama Mama Mwalimu. Aliyemaliza darasa la saba aliambiwa amfundishe ambaye hakuingia darasani kabisa. Hawakuwa watumishi. Hawakuwa na namba ya ajira, mafao wala likizo. Posho iliyowekwa kwa mwalimu wa kujitolea ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, na wazee wetu wanakumbuka miezi ambayo hata hiyo haikufika. Wanafunzi walikuwa baba zao, mama zao, wakwe zao. Fikiria, Mheshimiwa, binti aliyesimama mbele ya mkwewe mwenye mvi na kumwambia kwa adabu, "Baba, hapo umekosea, rudia." Katika desturi zetu hilo ni jambo zito. Alilifanya bila kumvunjia mtu heshima, na hakuna mzee aliyeondoka darasani kwake akasema hatarudi.

Darasa lilikuwa chini ya mkuyu, hapo njia panda. Alipachagua kwa akili. Wanawake wakitoka kisimani walipita hapo, wanaume wakitoka shambani au mnadani walipita hapo, na hakuna aliyeweza kusema shule iko mbali. Saa kumi alasiri, jua likianza kulegea, ubao ulitundikwa kwenye shina. Ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa misumari na kupakwa unga mweusi wa betri za redio zilizokwisha. Wenye watoto wachanga walikaa mbele ili wasikie, maana watoto walilia. Mvua ikinyesha walihamia kwenye kibaraza cha duka.

Alianza na mizani. Hilo tunataka liandikwe popote habari zake zitakapoandikwa. Kabla ya kufika a, e, i, o, u, aliwafundisha watu namba, kwa sababu watu walikuwa wanauza mazao yao kwa mizani wasiyoweza kuisoma, na mnunuzi akiwaambia kilo arobaini walijibu asante. Msimu uliofuata walikuwa wanainama kwenye mizani wenyewe. Wapo hapa uwanjani leo walioinama msimu huo, na wamesema tuseme hivi: shamba lilikuwa lile lile na mavuno yale yale, lakini hela waliyorudi nayo nyumbani ilikuwa nyingine.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitangaza vipindi, vijitabu vikasambazwa, na nchi nzima watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vya kusikiliza, kujadili, kisha kutenda. Kikundi chetu kilikaa chini ya mkuyu ule ule, na Mama Mwalimu ndiye aliyesoma kijitabu kwa sauti redio iliponyamaza. Baada ya kikao watu walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka huo huo ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo, na nchi ikakuta wasiojua kusoma wameshuka hadi 39 kati ya 100. Mwaka 1977 walikuwa 27. Mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Takwimu hizo zilisomwa kwenye mikutano ya kimataifa, na wageni walikuja kujifunza kwetu. Waliozizalisha walikuwa wanarudi nyumbani jioni na chaki mikononi, wakaanza kutwanga.

Kisha vita vya Kagera vikaanza mwaka 1978, vijana wakaenda mstari wa mbele. Barua zilipofika, mama alifungua barua ya mwanawe akaisoma mwenyewe, ndani, mlango umefungwa. Zamani ingebidi aibebe mpaka kwa karani au kwa mwenye duka, na mambo ya nyumba yake yasikike na kila aliyekuja kununua chumvi. Kwa wengi wetu hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunasikia hoja kwamba majina ya barabara na njia panda ni ya viongozi. Tumeiangalia hoja hiyo kwa makini, kwa sababu imetolewa mbele yetu na mtu mwenye dhamana.

Dar es Salaam, barabara ya juu ya TAZARA, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, ilifunguliwa na Rais Magufuli Septemba 27, 2018, akaipa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS. Mfugale alikuwa hai, akalisikia jina lake kwa masikio yake. Alifariki Juni 2021. Njia panda ya Ubungo, ile ya ghorofa tatu, ilifunguliwa Februari 24, 2021 na kupewa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki Februari 17, wiki moja tu kabla. Wote wawili walikuwa wahandisi walioifanyia kazi nchi hii kwa miaka mingi, na hatuna neno baya juu ya majina yao. Tunayataja kwa sababu yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, njia panda inaweza kupewa jina kwa wiki moja, dhamira ikiwepo. Pili, Mfugale hakupewa jina kwa kuwa bosi. Alipewa kwa sababu alikuwa amejenga barabara na madaraja, na kazi hiyo inaonekana.

Basi na ya Mama Mwalimu ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Mhandisi alijenga njia ya kupita magari, na mwalimu wa kisomo akawawezesha wapita njia kusoma kibao kinachosema gari linakwenda wapi. Zote ni kazi za umma. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na ofisi na mwingine alikuwa na mkuyu.

Wala si kweli kwamba wananchi wa nchi hii wanawakumbuka viongozi tu. Dar es Salaam hiyo hiyo, kuna kituo cha Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala alikuwa mwanamuziki aliyetoka Kongo akafanya kwetu kuwa kwao, akafariki Desemba 2010. Kuna kwa Aziz Ali, Temeke. Utingo wa daladala hutaja majina hayo kila siku bila kumwomba mtu ruhusa, na abiria hushuka panapostahili. Watu walikwisha amua. Tofauti yetu na wao ni kwamba jijini jina la mdomoni hudumu kwa sababu maelfu hulitaja kila siku. Kijijini wanaolitaja ni wachache, na wengi wao ni wazee. Jina letu lisipoandikwa litakwenda kaburini pamoja nao.

Na wanakwenda, Mheshimiwa. Aliyekuwa na miaka 25 alipokaa chini ya mkuyu mwaka 1971 leo amekaribia 80 au amepita. Tumezika wengi. Hatuombi kumbukumbu ya watu wa kale. Tunaomba kibao ambacho wanafunzi wa Mama Mwalimu waliobaki waweze kukisoma wenyewe, kwa macho yao, kwa herufi alizowafundisha.

Sasa tuseme malalamiko yetu waziwazi.

Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, kila njia ikapewa jina na kila nyumba namba, ili nchi iwe tayari kabla ya Sensa ya Agosti 23. Tuliipokea operesheni hiyo kwa furaha. Tulisema wakati wetu umefika. Tulipeleka jina, tukaambiwa limepokelewa. Vibao viliposimikwa, njia panda haikuwa na kibao, na njia mojawapo inayoingia hapo ilikuwa imepewa jina ambalo hakuna mkazi aliyelipendekeza wala anayelijua maana yake. Tulipouliza tukaambiwa muda ulikuwa mfinyu na majina yalihitajika kwenye mfumo usiku ule ule. Tunaelewa kazi ilikuwa kubwa na muda ulikuwa mfupi. Lakini operesheni imekwisha, mfumo wa anwani wa NaPA upo, na jina lililoingizwa kwa haraka linaweza kurekebishwa kwa utulivu. Miaka imepita na halijarekebishwa.

Baadaye tulizungushwa kati ya meza na meza. Meza moja ilisema barabara si yake. Meza ya pili ikasema barabara ni yake lakini jina si lake. Meza ya tatu ikapokea faili, na faili halijaonekana tena. Hatutaji ofisi wala mtu, kwa maana hatukuja kushitaki. Tunachotaka ni ofisi moja ikubali kwamba jambo hili ni lake.

Lipo lililotuumiza zaidi. Tuliambiwa kuna mfadhili aliye tayari kutugharamia kibao kizuri, cha chuma, chenye kung'aa usiku, mradi sehemu ya juu iwe na nembo ya bidhaa yake na jina la Mama Mwalimu liwe chini kwa herufi ndogo. Tunajua shule nyingi nchini vibao vyao viko hivyo, na hatuwalaumu walimu wakuu waliokubali kwa kuwa hawakuwa na fedha. Sisi tulikataa. Mwanamke huyu alifundisha kwa posho ya shilingi 30. Hatuwezi kumfanya mbeba tangazo baada ya kufa.

Jambo jingine ni mkuyu wenyewe. Ulikatwa wakati barabara inatanuliwa. Hifadhi ya barabara ni sheria, tunaijua, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ipo na nyumba zetu kadhaa ziliwekewa alama nyekundu kwa sheria hiyo. Hatudai mti urudi. Lakini hakuna aliyekuja kuuliza kabla ya shoka kuingia kama mti ule ulikuwa na habari yoyote. Wazee walisimama pembeni wakaangalia. Kama pangekuwa na kibao, hata mkandarasi asiyetufahamu angesita, akauliza.

Tumeambiwa pia, na wenzetu wa hapa hapa, kwamba Mama Mwalimu hakuwa peke yake. Ni kweli. Kinyangiri ilikuwa na walimu wengine wa kisomo, wanaume na wanawake, na vijiji jirani vivyo hivyo. Kwa hiyo baadhi walipendekeza njia panda iitwe ya Walimu wa Kisomo, tusimpendelee mmoja. Tulilijadili hilo kwa muda mrefu, na lilitugawa. Mwisho tulikubaliana kwamba jina la wote halimkumbushi mtu yeyote. Mtoto akisoma "Walimu wa Kisomo" atapita. Akisoma jina la mtu, jina la kike, la ukoo anaoufahamu, atauliza huyu ni nani, na atakayejibu itabidi aeleze habari ya kisomo yote, na humo wenzake wote watatajwa. Zaidi ya hayo, majina ya wanawake kwenye barabara zetu ni machache mno. Dar es Salaam wana Barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kujiunga na TANU, na inastahili. Ukitoka hapo ukatafuta majina ya wanawake kwenye vibao vya wilaya za ndani kama yetu, utatafuta kwa muda mrefu. Nani kati yetu atasema hakuna mwanamke aliyefanya kazi?

Wengine wakauliza, jina litaongeza gunia gani la alizeti? Hatutawadanganya, halitaongeza. Lakini gari la wagonjwa linapoitwa kwa simu na dereva akauliza mko wapi, kujibu kwa jina lililo kwenye kibao na kwenye mfumo ni tofauti na kueleza "ukipita daraja dogo, kuna duka lilifungwa, kabla ya mti uliokatwa". Serikali yenyewe ilitueleza hivyo mwaka 2022 ilipotaka kila nyumba iwe na anwani, na ilisema kweli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio chombo cha juu cha maamuzi ya sera katika kijiji. Hatuombi hisani, basi. Tunaomba njia isizibwe. Kijiji kipitishe jina, Kamati ya Maendeleo ya Kata ilijadili, halmashauri iliridhie, na mwenye barabara atoe kibali cha kusimika kibao ndani ya hifadhi yake.

Kwa hiyo tunadai kwamba mkutano mkuu wa kijiji ujao, ule wa robo mwaka, uwe na ajenda ya jina la njia panda, iandikwe kwenye tangazo la mkutano, isiingizwe kwenye mengineyo saa ambayo watu wameshaanza kuondoka. Kura ipigwe. Kijiji kikilikataa jina, tutakaa kimya, na tunatamka hivyo mbele yako na mbele ya wananchi hawa.

Likipitishwa, tunadai kila ngazi itakayolipokea ijibu kwa maandishi ndani ya siku 60, ndiyo au hapana, pamoja na sababu. Hapana yenye sababu tunaweza kuijibu. Kimya hatuwezi.

Tunadai jina liingizwe kwenye mfumo wa anwani, na lile lililoingizwa bila sisi kushirikishwa lipitiwe upya pamoja na wakazi wa njia hiyo.

Kibao tutakigharamia wenyewe. Michango imekwisha ahidiwa, mingine kwa fedha, mingine kwa debe la alizeti, fundi wa kuchomelea ni kijana wetu. Tunachohitaji ni kibali na vipimo, tusije tukasimika kibao kikang'olewa kesho. Kiandikwe kwa Kiswahili, kiwe na jina lake kamili, la kwake na la ukoo wake, na chini yake yaandikwe maneno "mwalimu wa kisomo". Kisiwe na nembo ya kampuni, ya chama wala ya mradi. Kiwe katika kimo ambacho mtu anayetembea kwa miguu anaweza kukisoma, kwa kuwa Mama Mwalimu alifundisha waenda kwa miguu.

Siku barabara hii itakapowekwa lami, na tunaamini siku hiyo itakuja, tunadai jina liwemo kwenye michoro ya mradi tangu mwanzo. Tumeona kwingine mkandarasi akiondoa kibao cha zamani kupisha greda na kuacha njia panda tupu, au mgeni wa siku ya uzinduzi akatamka jina jipya jukwaani, watu wakapiga makofi kabla ya kufikiri. Jina likishapitishwa na kijiji lisibadilishwe na mtu yeyote, hata awe na cheo gani, pasipo kurudi kwenye mkutano mkuu uliolipitisha.

Tunadai pia watendaji wa vijiji waandike daftari la walimu wa kisomo wa kata hii, waliofariki na walio hai. Walio hai ni wazee sasa. Baadhi wanasumbuka kupata matibabu bila malipo ambayo sera ya wazee inawapa, kwa kukosa kitambulisho au mtu wa kuwajazia fomu. Inatuuma kwamba aliyewafundisha wengine kujaza fomu amekosa wa kumjazia yake sasa macho yanapofifia. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mtendaji mmoja na kalamu, wiki hii.

Na tusidhani tumemaliza kazi yake. Baada ya 1986 takwimu za nchi zilirudi nyuma. Wasiojua kusoma wakaongezeka tena, madarasa ya kisomo yakafifia, walimu wa kujitolea wakachoka. Hapa kwetu wapo vijana, si wazee, wanaosaini kwa dole gumba mbele ya mawakala wa simu na kwenye vikundi vya mikopo, na wanaibiwa kama walivyoibiwa babu zao kwenye mizani. Serikali ina mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA. Tunadai darasa moja lifunguliwe Kinyangiri, na mwalimu wake alipwe posho inayoeleweka, kila mwezi. Kibao kisiwekwe badala ya darasa. Tukipewa kimoja tukanyimwa kingine, tutarudi na risala nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muhtasari huu una jina la Mama Mwalimu, mchoro wa njia panda, nakala za barua zetu za awali zikiwa na tarehe zake, na sahihi za wananchi. Utaona kwamba waliosaini kwa kuandika majina yao, na wana zaidi ya miaka 70, wamewekewa alama ya nyota pembeni. Hao ni wanafunzi wake. Tunaukabidhi mkononi mwako sasa hivi. Tunaomba uweke sahihi, tarehe na mhuri kwenye nakala yetu ya pili kuthibitisha kuwa umeupokea, na utuambie hapa hapa, watu wakisikia, ni ofisi gani tuiendee Jumatatu.